Nguzunguzu ya tomoko: kinga iliyofungwa kwenye hanamu, na kilichopotea kamba ilipokatwa

Katika makabati ya makumbusho mengi ya Ulaya kuna kichwa cheusi cha mti, kidogo cha kushikwa kwa mikono miwili. Taya limechomoza mbele kupita kiasi, ndewe za masikio zimetanuliwa kwa duara kubwa, na michirizi ya kombe inameremeta kuanzia kipajini, ikizunguka macho na kushuka hadi kidevuni. Chini ya kidevu kuna mikono miwili iliyoshika kichwa kingine kidogo zaidi, au ndege. Kibao cha maelezo husema ni sanamu ya gubeti, yaani ncha ya mbele ya chombo, kutoka Visiwa vya Solomon, kinga ya mtumbwi wa vita.

Kibao hakidanganyi. Ila kimeacha nje karibu yote yaliyokifanya kichwa hicho kiwe kinga: kilifungwa sehemu gani ya chombo, kilielekezwa kwa nani, nani alikitilia nguvu, na nani alikata kamba zake. Uchambuzi huu unafuata kisa cha nguzunguzu, maana ndilo jina lake, kutoka kwenye tomoko, mitumbwi ya vita ya New Georgia, mwishoni mwa karne ya 19 hadi kwenye kabati la kioo. Msimamo wetu ni kwamba kinga hii haikukaa katika uso peke yake. Ilitokana na uso, mahali, fungo na kazi ya watu kwa pamoja. Anayeuchambua uso peke yake hukosea, na makosa yake yanajulikana.

Chombo chenyewe

New Georgia ni kundi la visiwa upande wa magharibi wa Solomon: wangwa tulivu za Roviana na Marovo, na visiwa jirani kama Simbo na Vella Lavella. Tomoko ilikuwa chombo cha mabangara, yaani wakuu wa huko, na ilitumika hasa katika safari za kuvamia. Walivuka bahari wazi hadi Choiseul na Santa Isabel kutafuta vichwa vya watu, na pia mateka ambao waliletwa nyumbani na kuishi katika koo za waliowateka. Biashara ya magamba ya kasa na Wazungu iliingiza mashoka ya chuma na bunduki, na safari hizo zikazidi kuwa kali katika karne ya 19.

Mtu wa pwani yetu ataielewa tomoko haraka akikumbuka mtepe wa Lamu. Vyote viwili ni vyombo vya mbao zilizoshonwa, si kupigiliwa misumari. Tomoko haikuwa gogo lililochongwa wala haikuwa na matengo kama ngalawa. Ilikuwa na mbao nyembamba zilizopindwa na kushonwa kwa nyuzi za mmea utambaao, mataruma ndani, na gubeti na tezi zilizoinuka wima juu sana kuliko vichwa vya wapiga kafi. Urefu wake ungeweza kupita mita 10, na kubwa zilichukua watu 30 na zaidi. Mishono ilitiwa kalafati ya kokwa la mti Atuna racemosa, ambalo vitabu vya zamani huliita Parinarium. Kokwa hukunwa, hupondwa hadi liwe uji mzito, kisha hupakwa. Likikauka huwa gumu na lenye rangi ya giza, na maji hayapenyi.

Ubora wa chombo hiki ni wepesi wake, na hapohapo ndipo palipo udhaifu. Mbao nyembamba, ubavu mfupi, hakuna matengo: tomoko ilikwenda kasi kwa kafi, lakini wimbi la ubavuni au upepo wa ghafla ungeweza kuijaza maji. Anayesahau hatari hii hawezi kuelewa kwa nini kichwa kilifungwa pale kilipofungwa.

Mahali pa fungo

Mgeni hutazamia sanamu ya kinga iwekwe juu, ionekane na adui. Juu ya gubeti la tomoko kweli palikuwa na mapambo: safu za kauri kubwa nyeupe na vijiti vyenye manyoya. Mara nyingine kileleni palikuwa na vichwa vidogo viwili vilivyopeana visogo, kimoja kikitazama mbele na kingine nyuma. Lakini nguzunguzu haikukaa huko. Ilifungwa chini, upande wa mbele wa hanamu, yaani mti wa mbele unaokata maji, juu kidogo tu ya mstari wa maji. Chombo kikizama pua katika wimbi, uso ule ulichovya majini na kuibuka.

Sababu iliandikwa na Boyd Somerville, afisa wa jeshi la maji la Uingereza aliyekuwa akipima bahari ya New Georgia mwaka 1893 na 1894, na ambaye maelezo yake yalichapishwa mwaka 1897. Aliambiwa kwamba kazi ya kichwa hiki ni kuwazuia kesoko, pepo wa majini. Kesoko wakiachwa wangeamsha upepo na mawimbi, wakipindue chombo, kisha wawale waliomo.

Kwa hiyo mlengwa wa kwanza wa uso huu si shujaa wa Choiseul aliyesimama ufukoni. Mlengwa ni kitu kilicho ndani ya maji, na uso umewekwa pale maji yanapokatwa, mahali pa kwanza chombo na bahari vinapokutana. Hapa ndipo maelezo mengi ya makumbusho hupotoka, yanaposema sanamu ilikuwa ya kutisha maadui. Huenda adui naye alitishika, lakini kama hilo ndilo lingekuwa lengo kuu, fundi asingeuweka uso wake mahali ambapo nusu ya safari umefunikwa na povu.

Jinsi ilivyotengenezwa

Fundi alianza na kipande cha mti mwepesi, si mti mzito. Mzigo wowote ulioongezwa ncha ya mbele hukifanya chombo kiiname pua, kwa hiyo wepesi ulikuwa hitaji la bahari kabla ya kuwa hitaji la mchongaji. Nyingi zilizobaki zina kimo cha kati ya sentimita 15 na 30 hivi.

Umbo lilitolewa kwa tezo, kisha kisu. Sehemu ya nyuma iliachwa bapa au ikachimbwa kidogo ili ikae sawasawa juu ya hanamu, na njia za kamba zikapitishwa nyuma ya shingo au kando ya mikono. Uso wote ulipakwa weusi. Kazi ngumu ilifuata hapo.

Michirizi myeupe imetengenezwa kwa kombe, hasa la nautilasi, kiumbe wa baharini wa jamii ya pweza. Kombe hili lina mng'ao mzuri lakini ni jembamba na limepinda, kwa hiyo huwezi kukata ukanda mrefu ukaulaza juu ya uso wa mviringo, utavunjika. Fundi alikata vipande vidogo, vingi vikiwa na ukingo wenye meno kama ya msumeno, akachimba mfereji usio na kina kirefu kwenye mti, akaujaza ule uji wa Atuna racemosa na kukandamiza kipande baada ya kipande. Uji uliozidi ulifutwa kabla haujakauka.

Mambo matatu huharibu kazi hii. Mfereji ukiwa na kina kupita kiasi, kipande huzama na mng'ao hupotea. Ukiwa mfupi wa kina, kipande hubaki kimejitokeza na hung'olewa na wimbi la kwanza. Na mti ukiwa bado mbichi, hunywea unapokauka na kuachana na gundi, vipande vikadondoka kimoja kimoja. Ndiyo maana nguzunguzu nyingi zilizopo leo zina mifereji mitupu. Kasoro hiyo haimaanishi kwamba hazikukamilika.

Michirizi hiyo inafanana na chokaa ambayo watu wa huko walijipaka usoni, na duara za masikioni ni zile walizovaa wenyewe kwenye ndewe zilizotanuliwa. Kwa hiyo uso si wa mnyama wala pepo mtupu. Umepambwa kama mtu wa Roviana au Marovo aliyejiandaa kwa tukio kubwa. Taya ndilo lisilo la kibinadamu, na maelezo ya taya hilo yanapatikana katika masimulizi ya Roviana juu ya Tiola, mbwa wa kale wa kisiwa cha Nusa Roviana. Tiola, wasimulia, ndiye aliyewafundisha watu kujenga tomoko, na jiwe la mbwa huyo pale kisiwani liligeukia upande ambao adui anatoka ili kuonya. Simulizi hili linastahili uzito zaidi kuliko kubahatisha kwa wageni, kwa sababu linaunganisha mambo mawili yanayoonekana kwenye chombo chenyewe: pua iliyochomoza na kazi ya kutangulia na kuonya.

Nguvu ilitoka wapi

Mti uliochongwa na kupambwa vizuri bado haukuwa kinga. Nguvu, mana, ilitoka kwa waliokufa, tomate, na ilipitia kwa hiama, kuhani aliyejua kuwaita kwenye madhabahu zao. Mafuvu ya wakuu yalitunzwa kwenye madhabahu hizo, na wakuu hao ndio waliombwa wasimame pamoja na safari. Tomoko mpya, na vivyo hivyo paele, nyumba yake ya kuhifadhia, ilizinduliwa kwa kichwa cha mtu kilicholetwa kutoka uvamizini. Waingereza Hocart na Rivers walifanya utafiti Simbo mwaka 1908, wakati wazee walioshiriki safari hizo walikuwa bado hai, na maelezo mengi tuliyonayo juu ya ibada hizi yanatoka huko.

Tukisema haya hatuutakasi uvamizi. Watu wa Santa Isabel na Choiseul walikimbia vijiji vyao, wengine wakajenga makao vilimani na juu ya miti. Kinga ya tomoko moja ilikuwa msiba wa ufuko mwingine, na uchambuzi wowote wa nguzunguzu usiolitaja hilo umekata nusu ya kisa.

Kwa mpangilio huu, nguzunguzu ilikuwa ncha ya mnyororo mrefu: wafu kwenye madhabahu, hiama, mkuu, wapiga kafi, chombo, kisha uso ule mdogo unaogusa maji. Kiungo kimoja kikikosekana, kilichobaki ni mti uliochongwa.

Mnyororo ulipokatika

Mwezi Septemba 1891 manowari ya Uingereza HMS Royalist, chini ya nahodha Davis, iliingia wangwa wa Roviana kulipiza kisasi cha mauaji ya wafanyabiashara. Vijiji vilichomwa, mitumbwi ikavunjwa na kuchomwa, mafuvu yakaharibiwa. Ukiyatazama kwa jicho la mlolongo tuliouchora, shambulio hili halikugusa boti tu. Liliharibu chombo, nyumba ya chombo na madhabahu kwa mpigo mmoja, yaani viungo vyote vilivyoipa nguzunguzu kazi yake. Davis mwenyewe alikusanya vitu vingi vya visiwani, na sehemu ya mkusanyiko huo imeishia British Museum.

Mwaka 1893 Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya visiwa. Charles Woodford alifika kama mkuu wa utawala kuanzia mwaka 1896, na karibu na mwaka 1900 msaidizi wake Arthur Mahaffy aliwekwa kwenye kisiwa cha Gizo, huko huko magharibi, akiwa na polisi. Moja ya kazi zake ilikuwa kuzitwaa au kuziharibu tomoko. Mwaka 1902 misheni ya Wamethodisti ilifika Roviana chini ya John Goldie, na mwaka 1914 Waadventista wakaanza kazi upande wa Marovo. Ndani ya miaka ipatayo 20 safari za kuvamia zilikuwa zimekwisha.

Kwa nini basi vichwa ni vingi makumbushoni na vyombo ni adimu? Jibu liko kwenye fungo. Nguzunguzu haikuchongwa pamoja na hanamu, ilifungwa. Kisu kimoja kinaitoa bila kuiharibu, na inaingia kwenye sanduku la baharia. Tomoko ya zaidi ya mita 10 inahitaji meli na ukumbi. Iliyopo British Museum ilijengwa Vella Lavella karibu na mwaka 1910 na ikafika London mwaka 1927 kama zawadi ya kampuni ya Lever Brothers. Mifano kama huo ni michache. Urahisi uleule uliomwezesha mkuu kuhamisha kinga yake kutoka chombo kikuukuu kwenda kipya ndio uliomwezesha mkusanyaji kuichukua.

Makosa ya kusoma uso

Kosa lililoenea zaidi ni kuwa nguzunguzu yenye kichwa mikononi ni ya vita na yenye ndege ni ya amani. Ni mgawanyo unaopendeza macho, na viongozi wa watalii huurudia. Tunashauri usiandikwe kama hakika. Kwa watu wa bahari hii ndege ana kazi nyingi: anaonyesha nchi kavu iko wapi, na makundi yake juu ya maji yanaonyesha jodari walipo. Kumfanya ndege awe ishara ya amani tu ni kumsomea kwa macho ya Biblia.

Kosa la pili ni kuiita mungu. Hakuna haja. Maelezo ya Somerville yanaipa kazi ya mlinzi, na mlinzi si yule anayeabudiwa.

Kosa la tatu ni kuiita barakoa. Inafanana na barakoa ndogo, na katika mauzo hupangwa pamoja na vinyago vidogo vya kinga kutoka Sepik, Papua New Guinea. Lakini hakuna aliyeivaa. Aliyeivaa ni chombo.

Kuikagua iliyo mkononi

Anza nyuma, si usoni. Iliyowahi kufungwa ina mgongo bapa au wenye bonde, na kwenye njia za kamba kuna kingo zilizolainika kwa msuguano, si mashimo makali ya keekee. Iliyochongwa kwa ajili ya soko ina kitako cha kusimamia mezani, kwa sababu mnunuzi hana hanamu ya kuifunga. Kitako bapa kilichochongwa pamoja na mwili karibu kila mara kinatosha kumaliza swali.

Kisha pima uzito kwa mkono. Wachongaji wa Marovo wa leo ni mafundi hodari, na hutumia mpingo wa huko na mbao ngumu nyingine zinazong'aa zikisuguliwa. Kazi zao ni nzito. Ya zamani ni nyepesi na weusi wake ni wa kupakwa: tazama kwa lenzi ndani ya mkwaruzo wa zamani, utaona mti wa rangi hafifu chini yake. Usikwaruze upya.

Alama za chuma si ushahidi wa ughushi. Chuma kilikuwa mikononi mwa mafundi hawa muda mrefu kabla ya 1891, na kichwa kilichochongwa kwa kisu cha chuma kinaweza kuwa kilivuka bahari mara nyingi. Anayekataa kitu kwa sababu hiyo atakuwa ametupa karibu kila nguzunguzu halisi iliyopo.

Angalia gundi. Uji wa Atuna racemosa uliozeeka ni mkavu, wa kahawia iliyokoza au mweusi, na una nyufa ndogondogo. Gundi ya kisasa hung'aa kwenye kingo za kombe, na mara nyingi huonyesha mwanga chini ya taa ya urujuanimno. Lakini gundi ya kisasa kwenye vipande viwili au vitatu inaweza kuwa ni matengenezo tu, kwa hiyo linganisha mifereji yote kabla ya kuamua.

Umri nao usichukuliwe kuwa matumizi. Vichwa vilitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa tangu mapema, meli zilipoanza kupita mara kwa mara, na wanajeshi wa Marekani waliokuwa New Georgia wakati wa Vita Kuu ya Pili walikuwa wanunuzi wazuri. Kitu cha mwaka 1943 ni cha zamani, lakini huenda hakikuwahi kuloana.

Kuitunza

Adui mkuu ni hewa inayobadilika. Mti, gundi na kombe hunywea na kutanuka kwa viwango tofauti, na kila badiliko hulegeza vipande. Unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, bila kupanda na kushuka, unafaa. Usipake mafuta wala nta ili ing'ae: mafuta huingia kwenye mifereji, hulainisha ukingo wa gundi ya zamani na kukusanya vumbi. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, kutoka katikati ya kipande cha kombe kwenda nje, usije ukakinyanyua kwa ukingo. Kipande kilichodondoka kiwekwe kwenye bahasha yenye namba na mchoro wa mahali kilipotoka. Kukibandika ni kazi ya mtaalamu.

Vaa glavu za nitrili. Vitu vya mikusanyiko ya zamani vilipakwa dawa za wadudu zenye aseniki au zebaki, na sumu hizo hubaki. Kama kuna unga wa wadudu, usipulize dawa juu ya kombe. Njia ya kawaida ni kuifunga ndani ya mfuko usiopitisha hewa na kuigandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki moja hadi mbili. Lakini kabla ya hapo mtaalamu aseme kama vipande vilivyolegea vitastahimili.

Cha kuandika kwenye kibao

Leo nguzunguzu imo kwenye sarafu ya dola 1 ya Visiwa vya Solomon, na watu wa nchi hiyo wanaitambua kama alama yao. Majina mengine ya huko, musumusu na toto isu, nayo yaandikwe, kwa sababu si wote wa magharibi mwa Solomon wanatumia jina moja. Kwa kichwa ambacho ukaguzi umeonyesha kilifungwa kwenye chombo, tunapendekeza maneno haya:

"Nguzunguzu (pia musumusu, toto isu). New Georgia, magharibi mwa Visiwa vya Solomon. Mti mwepesi uliotiwa weusi, kombe la nautilasi, gundi ya kokwa la Atuna racemosa. Ilifungwa mbele ya hanamu ya tomoko, juu kidogo ya mstari wa maji, ili kuwazuia kesoko, pepo wa majini, wasipindue chombo. Ilitengwa na chombo chake kabla ya kufika hapa. Chombo hakijulikani kilipo."

Kando ya kibao iwekwe picha ya gubeti zima la tomoko, na alama ndogo chini kabisa ikionyesha kichwa hiki kilikaa wapi.